Diane Arbus: Mtoi wa Mababi Aliyeacha Kamera Ndogo Akashika Ile Nzito

Kama ushawahi kuona ile picha ya wasichana wawili mapacha, wamesimama bega kwa bega, nguo moja, kola kubwa nyeupe, mmoja anatabasamu kiasi na mwingine ni kama ameambiwa shule inafunguliwa kesho, basi ushakutana na Diane Arbus hata kama hukujua jina. Wasee wengi wakiwaona hao mapacha hukumbuka wale wa ile muvi ya kutisha, The Shining. Lakini hawa walikuwa watoi wa kawaida kabisa, waliopatikana kwa pati ya mapacha huko Roselle, New Jersey, miaka ya 60.

Sasa iangalie hiyo picha tena, polepole. Ni mraba. Pande zote nne ziko sawa. Na kila kitu kinaonekana, mpaka vile soksi za mmoja zimekunjana magotini. Hiyo si bahati. Ilikuja kuwa hivyo kwa sababu mwaka wa 1962 mathee mmoja wa miaka 39, mwenye mabinti wawili na ndoa ambayo ilikuwa imeshaachana, aliamua kubadilisha kamera. Leo tunabonga kuhusu huyo mathee na hiyo kamera.

Jina kwanza, juu wengi hulikosea. Linaandikwa Diane lakini linatamkwa Dii-An. Alizaliwa New York tarehe 14 Machi 1923 akiitwa Diane Nemerov, na alizaliwa kwa mababi haswa. Familia yao ilikuwa na Russeks, duka la makoti ya manyoya na nguo za bei kali pale Fifth Avenue. Mzae wake, David Nemerov, ndiye alikuwa akiliendesha. Uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 30, watu wakipanga foleni ya supu, kwao kulikuwa na yaya, wafanyakazi wa nyumba na dereva. Najua unasema huyo aliishi vizuri. Lakini baadaye maishani alikuja kueleza kwamba hicho ndicho kitu kilimsumbua utotoni: kwamba hakuna kitu kiliwahi kumsumbua. Alijihisi kama amefungiwa ndani ya glasi, anaona maisha ya wengine yakipita na yeye hayamgusi. Shikilia hiyo, tutairudia.

Hiyo familia ilikuwa na vichwa. Kakake, Howard Nemerov, alikuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa Marekani na akapewa tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1978. Dadake mdogo, Renée, akawa mchongaji. Diane naye alikuwa anachora vizuri sana shuleni, walimu wanamsifu, na yeye hapendi. Ni kama kusifiwa kirahisi kulimfanya aone hakuna kitu pale.

Alipokuwa na miaka 13 alikutana na kijana anaitwa Allan Arbus, aliyekuwa akifanya kazi kwa idara ya matangazo pale pale dukani kwa mzae. Allan alikuwa amemzidi miaka mitano na mfuko wake ulikuwa mtupu. Wazazi walikataa hiyo story mapema. Manzi alingoja tu. Alipofikisha miaka 18, Aprili 1941, wakaoana. Chuo hakuenda. Mimi nilihepa chuo semesta ya tatu na bado kila Krismasi kuna anko huniuliza nitarudi lini, kwa hivyo hapo nilimpenda Diane kabla hata sijafika kwa picha zake.

Muda mfupi baada ya harusi, Allan alimpa kamera ya kwanza, Graflex. Hiyo ni kitu kama sanduku, unatumia vipande vya filamu kimoja kimoja, si ya kubeba ukienda matembezi. Diane akaenda darasani kwa Berenice Abbott, mpiga picha aliyejulikana kwa kupiga picha za majengo ya New York, na akaja kumfundisha Allan jioni yale alijifunza. Kisha vita vikaja, Allan akaingia jeshini kama mpiga picha. Vita vilipoisha, mwaka wa 1946, wakafungua studio ya picha za fasheni: Diane & Allan Arbus. Mteja wao wa kwanza? Duka la mzae, bila shaka. Baadaye wakaingia Glamour, Seventeen, Vogue, Harper's Bazaar.

Kazi walikuwa wamegawana hivi: Allan ndiye anabonyeza kamera na kushughulika na taa. Diane anatoa wazo, anatafuta vitu vya kuweka kwa picha, anapanga manzi wa kupigwa, anarekebisha nguo. Yaani mwenye akili ya picha anashika pini za nguo. Doh ilikuwa inaingia, mabinti wakazaliwa, Doon mwaka wa 1945 na Amy mwaka wa 1954, na mwaka wa 1955 picha yao moja ikaingia kwenye lile onyesho kubwa la The Family of Man, New York. Kwa nje kila kitu kiko fiti. Kwa ndani wote wawili walikuwa wanachukia hiyo dunia ya fasheni.

Mwaka wa 1956 Diane akasema basi. Alitoka kwa studio, akachukua kamera ndogo ya milimita 35, na filamu ya kwanza aliyomaliza akaiandikia namba 1. Hiyo namba 1 ni muhimu. Alikuwa amepiga picha miaka 15 tayari, lakini aliamua kuhesabu kuanzia hapo.

Akaenda kwa mwalimu mwingine, Lisette Model, mama kutoka Vienna aliyekuwa anafundisha New York na aliyekuwa na mdomo mkali. Kile Model alimwachia ni kwamba ukitaka picha iguse watu wengi, usipige kitu cha jumla, piga msee mmoja, yule yule, na kila kitu chake. Pia alimtoa woga. Kwa sababu hapa ndipo kuna kitu watu husahau: Diane alikuwa mtu wa aibu sana. Na bado kile kilikuwa kinamvuta ni kila kitu alichokatazwa akiwa mdogo. Wale watu ambao yaya alimwambia usiangalie, ndio alienda kutafuta.

Kwa hivyo miaka ya mwisho ya 50 unamkuta Coney Island, unamkuta ndani ya kumbi za sinema anapiga picha ya skrini na vichwa vya watu gizani, unamkuta Hubert's Museum pale Times Square, mahali chini ya ardhi ambapo watu walilipa kuona viroboto wa sarakasi, mwanamume wa kumeza panga, wafupi, warefu, kila aina. Alikuwa na Nikon. Kamera nyepesi, ya haraka, filamu moja inakupa picha 36. Unaweza kupita karibu na msee, tuk, umeshapiga, ushaenda. Picha zake za wakati huo ni nzuri, na zina chengachenga nyingi, ile hali ya picha kuonekana kama imemwagiwa mchanga. Wapiga picha wengi wa mtaani walipenda hivyo. Ilionekana ya ukweli, ya haraka haraka.

Mwaka wa 1959 yeye na Allan wakaachana, bila vurugu. Akahamia Greenwich Village na mabinti. Allan aliendelea na studio, tena kwa jina la wote wawili, na Diane aliendelea kuosha filamu na kuchapisha picha zake kwenye chumba cha giza cha hiyo studio. Mwaka wa 1960 jarida la Esquire likatoa picha zake za kwanza za maana, kuhusu New York ya juu na New York ya chini kabisa. Gari limeanza kusonga.

Halafu hapo 1962 ndio akachoka na zile chengachenga.

Alieleza wanafunzi wake miaka baadaye, na nitasema kwa maneno yangu: mwanzoni alipenda zile chenga, zilifanya kila kitu kionekane kimeshonwa kutoka kwa kitambaa kimoja. Ngozi, maji, anga, vyote sawa. Lakini ikafika mahali anataka kuona tofauti. Anataka nyama ionekane nyama, shati lionekane shati, ujue hiki ni kitambaa kizito na hiki ni chepesi. Kamera ndogo haikuwa inaweza kumpa hiyo.

Wacha nieleze kwa haraka, wale wanajua waruke. Filamu ya milimita 35, kila picha ni milimita 24 kwa 36. Ukihamia midiamu fomati unatumia filamu pana zaidi inayoitwa 120. Rolleiflex, ile Diane alichagua, inatoa picha ya mraba wa karibu sentimita 6 kwa 6, ingawa ukipima na rula ni kama milimita 56 kila upande. Piga hesabu: eneo ni zaidi ya mara tatu na nusu. Ndio maana ukiikuza, haivunjiki. Soksi zinaonekana.

Lakini hakuna kitu cha bure. Kutoka picha 36, sasa ana 12. Baada ya hapo unasimama, unafungua, unavuta karatasi, unafunga filamu nyingine, huku msee unayempiga anakuangalia. Rolleiflex ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ya kuona, ya chini ya kupiga. Lenzi hazitoki, ulizonazo ndizo hizo. Uzito unapita kilo moja. Na hauiweki machoni. Unaishika tumboni, unainama, unaangalia kioo kilicho juu yake, na kile unaona kimegeuka: msee akienda kushoto, kwa kioo anaenda kulia.

Hiyo ya kugeuka si mchezo. Mimi nilishika Yashica ya lenzi mbili mara moja, ya guka wa rafiki yangu aliyekuwa na studio kitambo. Tulitaka kupiga picha za mtaa kwa weekendi. Dakika kumi za kwanza nilikuwa nazunguka kama kuku amemwagiwa maji, kila nikisonga kumweka mtu katikati anapotea. Tukafika picha ya saba, nikataka kuhakikisha filamu inasonga, nikafungua mgongo wa kamera. Jua la saa sita. Kwa mara ya kwanza maishani nilichoma picha kihalisi. Kwa hivyo nikisoma mtu alihamia hii mashine akiwa tayari anaanza kutokea kwa majarida, na kodi ni yake, naona hiyo ni kujitupa.

Na kuna kitu kingine hiyo kamera ilifanya, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko chengachenga. Na Nikon unaweza kuiba. Na Rolleiflex huwezi. Mtu anakuona umesimama mbele yake na kisanduku, umeinama, unachelewa. Ni lazima mwelewane. Ni lazima aamue atakaa vipi. Pia uso wako hauko nyuma ya kamera, uko wazi juu yake. Unaweza kuinua macho ukamwangalia, mkaendelea kubonga, kisha ubonyeze. Diane alikuwa anaweza kukaa na mtu masaa. Angalia watu wa picha zake za baada ya 1962: karibu wote wanakuangalia moja kwa moja. Hakuna aliyeshtukizwa. Wamesimama pale kama watu waliopewa nafasi ya kusema hivi ndivyo niko, na wakasema kuliko walivyotaka.

Picha ya kwanza kali ya hiyo kipindi ni ya mwaka huo huo, Central Park. Kijana mdogo mwembamba, kaptura, mkono mmoja ana grinedi ya kuchezea, mkono ule mwingine umekunjwa kama kucha za ndege, uso umekaza. Mshipi mmoja wa kaptura umeteleza begani. Inatisha, hasa ukikumbuka ni 1962 na kila mtu Marekani anaongea kuhusu mabomu. Lakini filamu nzima ya siku hiyo ilikuja kuonyeshwa, na kwa hizo picha zingine huyo mtoi anacheka, anaweka mkono kiunoni, mtoi wa kawaida tu yuko paki. Diane alikuwa akimzunguka na kuzunguka, mtoi akachoka, akafanya uso. Na hiyo moja ndiyo Diane alichagua.

Je, hiyo ni ukweli ama ni uongo? Watu wamepigania hii swali miaka sitini na wacha niiweke kando kidogo.

Mwaka wa 1963 alipata doh ya Guggenheim, ule msaada wa wasanii, na mwaka wa 1966 akapewa tena. Mradi wake ulikuwa kupiga picha za mila za Wamarekani: mashindano ya urembo, pati, wacheza densi, watu kwenye vyumba vyao. Alienda kwa kambi za watu wanaokaa uchi, na kwa sababu sheria ya huko ni moja kwa wote, yeye mwenyewe alikaa uchi na kamera shingoni. Alienda kwa vyumba vya wanaume wanaovaa kama wanawake, wakati ambapo New York hiyo ilikuwa inaweza kukuweka ndani. Alirudi kwa watu hao hao tena na tena, wengine kwa miaka.

Katikati ya miaka ya 60 akahama tena, akachukua Mamiya C33. Bado lenzi mbili, bado mraba, lakini hii lenzi zake zinatoka unabadilisha, na unaweza kusogea karibu sana na uso wa mtu. Bei yake ni uzito: karibu kilo mbili. Juu ya hiyo akaongeza flashi, hata mchana, jua likiwaka. Ndio maana watu wake wanaonekana kama wamekatwa na makasi wakabandikwa mbele ya dunia. Kila jasho, kila poda ya usoni iko. Na akaanza kuchapisha negativu nzima bila kukata hata upande mmoja, na ule mpaka mweusi unaonekana. Yaani kile kilikuwa kwenye kioo ndicho unapewa.

Februari 1967, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, MoMA, yakafungua onyesho linaitwa New Documents. John Szarkowski, boss wa picha hapo, alichagua wapiga picha watatu tu: Lee Friedlander, Garry Winogrand na Diane Arbus. Wale majamaa wawili walikuwa wa kamera ndogo, watu wa haraka mtaani. Diane akapewa chumba chake, mraba baada ya mraba, watu wanakukazia macho. Inasemekana wafanyakazi walikuwa wanafuta mate kwa glasi za picha zake asubuhi, juu kuna watu walikuwa wanatema. Wengine walirudi mara tatu kuangalia.

Sasa ile swali. Kuna wanaosema Diane alikuwa mtoi wa tajiri anayeenda kutalii kwa shida za wengine. Mwandishi Susan Sontag aliandika hivyo kwa ukali miaka ya 70: kwamba picha hizi zinaonyesha watu wa ajabu bila huruma, na kwamba mpiga picha anaweza kurudi kwake jioni na wao hawawezi. Hiyo hoja siitupi. Ukiangalia picha zake za mwisho, za watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wanaishi kwenye vituo huko New Jersey, unajiuliza ni nani pale alikuwa anaweza kukataa kupigwa picha. Zinapendeza, zina mwanga laini, wako na vinyago, wanatembea kwenye nyasi. Bado unajiuliza.

Lakini pia kuna ile picha ya 1970, nyumbani kwa familia moja Bronx. Eddie Carmel, jamaa aliyekuwa anaitwa jitu kwenye sarakasi, amesimama sebuleni, mgongo umepinda, kichwa karibu kifike dari. Mamake na babake wako chini yake wanamtazama. Diane alikuwa amemjua karibu miaka kumi kabla ya kuipata hiyo picha. Mtalii hakai miaka kumi. Na mathee wa kwa picha, vile amemwinulia macho mwanawe, hapo sioni dharau popote. Naona mzazi ambaye hajui afanye nini. Mimi kwa maoni yangu Diane alikuwa vitu vyote viwili, alikuwa anachukua na alikuwa anapenda, na kamera nzito haikumruhusu kuficha moja.

Doh nayo ilikuwa shida ya kila siku. Watu hudhani ukishaingia MoMA umeomoka. Wapi. Majarida yalilipa kidogo, na hata baada ya lile onyesho wahariri walianza kumwogopa, juu mastaa hawakutaka kupigwa picha na yeye. Duka la familia lilikuwa limekwisha, mzae alishafariki mwaka wa 1963. Mwili pia ulimgeuka: aliugua homa ya ini mwaka wa 1966 na tena 1968, akadhoofika, na huzuni nzito ambayo ilikuwa ikimjia na kuondoka tangu ujana ikaanza kukaa. Mwaka wa 1969 yeye na Allan walipeana talaka rasmi, Allan akahamia California kuwa mwigizaji. Wazae wako wanaweza kumkumbuka kama yule daktari wa akili kwenye M*A*S*H. Diane akahamia Westbeth, nyumba za wasanii zilizofunguliwa 1970 pale Village.

Hapo ndipo alijaribu kujitengenezea njia. Alichukua picha kumi, akazichapisha kwa mkono wake, akaziweka kwenye sanduku la plastiki angavu ambalo lilikuwa pia fremu. Bei dola 1,000 sanduku moja. Alipanga kuuza masanduku 50. Akiwa hai aliuza manne. Mawili yalinunuliwa na rafiki yake Richard Avedon, yule mpiga picha wa fasheni, moja na mchoraji Jasper Johns, na moja na Bea Feitler wa Harper's Bazaar. Manne, wasee. Na ndani kulikuwa na mapacha, jitu wa Bronx, picha ambazo leo ziko kwa kila kitabu cha historia ya picha.

Na akiwa katika hiyo hali ya doh, unajua alikuwa anawaza nini? Kamera mpya. Pentax 6x7 ilikuwa imetoka mwaka wa 1969, na mpiga picha mwenzake, Hiro, alimwazima yake ajaribu. Ukiiona utadhani ni kamera ya kawaida iliyonyweshwa dawa ya kukua. Unaiweka machoni kama ile Nikon ya zamani, hakuna kuinama, hakuna kushoto kugeuka kulia. Lakini negativu ni kubwa hata kuliko ya Mamiya, na si mraba tena. Picha kumi kwa filamu ya 120. Kioo chake cha ndani kikipigwa kinalia kama mlango wa matatu. Kwake hiyo ilikuwa ni kama kurudi kwa ule uhuru wa 1956 lakini na ule uwazi wa 1962. Baada ya miaka tisa ya mraba, alikuwa tayari kuuacha.

Hakuwa na doh ya kuinunua. Kwa hivyo mapema 1971 alitangaza darasa pale Westbeth, wanafunzi walipe, doh iende kwa kamera. Hakupenda kufundisha, lakini walijaa. Hayo masomo mengine yalirekodiwa, na mengi tunayojua kuhusu vile alivyofikiria juu ya kamera yanatoka hapo: mtu anayejitafutia doh ya Pentax akieleza watu kwa nini aliacha Nikon.

Mei mwaka huo jarida la Artforum, ambalo halikuwa linaona picha kama sanaa ya maana, likaweka picha yake kwa jalada. Mambo yalikuwa yanaanza kufunguka. Lakini tarehe 26 Julai 1971, akiwa na miaka 48, Diane alijitoa uhai nyumbani kwake. Sitaingia ndani ya hiyo siku. Watu wameandika vitabu wakitafuta dalili kwa picha zake, kana kwamba waliopigwa ndio walimwambukiza giza, na mimi naona hiyo ni kuwakosea heshima wao na yeye. Alikuwa mgonjwa, na miaka hiyo msaada ulikuwa mchache.

Kilichofuata ni ile story ya kawaida inayouma. Mwaka wa 1972 akawa mpiga picha wa kwanza wa Marekani kuonyeshwa kwenye Biennale ya Venice, na kilichoonyeshwa ni zile picha kumi za lile sanduku. Novemba mwaka huo MoMA ikafungua onyesho lake peke yake, watu wakapanga foleni. Binti yake mkubwa, Doon, pamoja na rafiki wa Diane, Marvin Israel, wakatoa kitabu cha picha 80 ambacho kilikuwa kimekataliwa na wachapishaji kadhaa. Kinauzwa mpaka leo. Mwaka wa 2004 nakala moja ya wale mapacha iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola 478,000. Doh ya hiyo nakala moja ingenunua masanduku 478.

Mwaka wa 2007 makumbusho ya Metropolitan, New York, yalipokea vitu vyake vyote: barua, daftari, vitabu, picha, na negativu za filamu kama 7,500. Zimepangwa kwa namba, vile alivyoziacha yeye mwenyewe, kuanzia 1.